Dola 200 kwa usiku: ada ya watalii ya Bhutan ilivyopanda, ikashuka, na fedha zake zinakokwenda

Watu wawili wanataka kulala usiku saba Bhutan, ufalme mdogo kwenye milima ya Himalaya, mwezi wa Oktoba. Wangekwenda mwaka 2019, kila mmoja angelipa dola 250 kwa usiku, na juu yake dola 30 za nyongeza kwa kuwa kundi lao halikufika watu watatu. Jumla ya wote wawili ni dola 3,920. Humo mlikuwa na hoteli ya nyota tatu, chakula, gari na dereva, mwongozaji, na fungu la serikali la dola 65 kwa kila mtu kwa usiku, yaani dola 910 katika hizo 3,920. Wangekwenda Oktoba 2022, serikali peke yake ingechukua dola 2,800, na hapo hawajalipia kitanda wala kikombe cha chai. Oktoba 2023, fungu hilo likawa dola 1,400.

Nchi moja, ada moja, viwango vitatu ndani ya miaka minne. Kila mji au kisiwa kinapofikiria kuwatoza watalii kwa siku, Bhutan hutajwa, na mara nyingi hutajwa vibaya. Wanaoisifu hudhani ada ndiyo iliyopunguza wageni. Wanaoiponda huona tamaa tu. Ukiifuata hesabu yenyewe hatua kwa hatua unakutana na jambo jingine: ada ya usiku ni breki nzuri lakini ni chujio bovu. Inapunguza mwendo, ila haijui kuchagua nani apite.

Dola 250 hazikuwa kodi

Bhutan ilifungua mlango kwa watalii mwaka 1974, mwaka aliotawazwa Mfalme Jigme Singye Wangchuck, na tangu hapo bei ya siku ya mtalii ilipangwa na serikali. Kampuni binafsi ziliruhusiwa kuingia kwenye biashara hiyo mwaka 1991. Kuanzia 2012 kiwango kilikuwa dola 250 kwa usiku katika miezi ya msimu, yaani Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na dola 200 miezi mingine.

Nje ya nchi watu waliziita 250 hizo "kodi ya siku". Hazikuwa kodi. Zilikuwa bei ya chini kabisa ya kifurushi kizima, na kodi ndani yake ilikuwa 65 tu. Fungu hilo ndilo lililokuja kujulikana kama Ada ya Maendeleo Endelevu, au SDF kwa herufi za Kiingereza.

Fedha zilitumwa benki kabla ya safari, kwenye akaunti ya mamlaka ya utalii, na viza haikutoka mpaka zionekane. Mamlaka ilikata chake, kisha ikamwachia wakala kilichobaki kwa ngultrum, fedha ya nchi. Kwenye karatasi hakuna mwanya hapo. Mwanya ulikuwa kwenye zile 185 zilizobaki. Wakala mwenye kundi la watu kumi wanaogawana basi moja, akibana na bei ya vyumba, gharama yake ilishuka chini ya 185, na tofauti aliweza kuirudisha kimyakimya kwa mteja au kwa wakala mwenzake wa nje. Mteja akaona amepata nafuu na wakala akapata kundi. Serikali haikupoteza chochote kwenye 65 yake, kwa hiyo haraka ya kuziba haikuwepo. Aliyebanwa ni mwenye hoteli, kwa sababu punguzo la siri lilitoka kwenye bei ya chumba chake. Malalamiko hayo yalikuwa ya wazi ndani ya Bhutan kwa miaka mingi.

Kasoro ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Wageni kutoka India, Bangladesh na Maldives hawakuguswa na mfumo huu: hawakulipa bei ya kifurushi wala zile 65. Mwaka 2019 Bhutan ilipokea wageni 315,599, na takriban robo tatu yao walitoka nchi hizo tatu, Wahindi wakiwa wengi kupita kiasi. Wengi waliingia kwa gari na pikipiki kupitia Phuentsholing, mji ambao geti tu ndilo linaloutenga na Jaigaon ya upande wa India. Maana yake ni kwamba sera iliyosifiwa dunia nzima kwa kuzuia msongamano ilikuwa inamhusu mgeni mmoja kati ya wanne.

Oktoba 2019 ilisambaa picha ya mwendesha pikipiki amesimama juu ya chorten, mnara mtakatifu wa Kibuddha, pale Dochula, njia ya juu mlimani yenye chorten 108. Hasira iliyofuata ilikuwa kubwa. Uraia wa mtu yule si hoja. Hoja ni kwamba wageni wa nchi jirani wakati huo hawakulazimika kuwa na mwongozaji wa Kibhutan aliyewajibika kwa kila kituo. Nusu ya kazi iliyodhaniwa kufanywa na ada ilikuwa ikifanywa na mwongozaji, yule anayesema "hapa vua viatu, pale usipande". Wanaoiga Bhutan huiga bei na kumsahau mtu huyu.

Mwaka 2020 sheria mpya ikawawekea wageni wa nchi jirani ngultrum 1,200 kwa usiku, ianze kutozwa Julai. Ngultrum imefungwa kwa rupia ya India, moja kwa moja. Ila kufika Julai mipaka ilikuwa imeshafungwa tangu Machi kwa ajili ya korona.

Septemba 2022: mambo mawili katika sheria moja

Nchi ilipofunguliwa tena tarehe 23 Septemba 2022, ilifunguliwa na sheria ya tozo ya utalii iliyopitishwa mwaka huo huo. Ilifanya mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na kila moja linastahili hukumu yake.

La kwanza, ilifuta bei ya lazima ya kifurushi. Mtalii akawa huru kuchagua hoteli yoyote, kulipa moja kwa moja, au kupitia kwa wakala akipenda. Punguzo la siri likakosa mahali pa kujificha, kwa kuwa hapakuwa tena na bei ya kupunguzwa kwa siri. Hili lilikuwa sahihi, na lilichelewa.

La pili, ilipandisha SDF kutoka dola 65 hadi 200. Hapa ndipo hesabu ilipokwenda kombo, na ukitaka kuona kwa nini, shika kalamu. Mtalii wa bajeti ya 250 alikuwa akiacha 65 serikalini na 185 kwa watu: mwenye hoteli, mpishi, dereva, mwongozaji, mwenye farasi. Sasa mtalii yule yule, kwa bajeti ile ile, anaacha 200 serikalini na 50 kwa watu. Dola 50 za chumba, milo mitatu, gari na mwongozaji kwa siku hazitoshi. Ama aongeze bajeti hadi 385 ili huduma zibaki zilivyokuwa, ama apunguze siku, ama aende nchi nyingine ya Himalaya.

Mgeni wa hoteli za kifahari, zile ambazo chumba kimoja huzidi dola elfu kwa usiku, hakuhisi kitu. Kwake nyongeza ya 135 ni kama bahshishi. Aliyeumia ni mwenye hoteli ya nyota tatu, ambaye alijenga kwa mkopo wa benki akitegemea mfumo wa 250, mfumo ambao kwa vitendo ulimhakikishia wateja kwa kuwa kila kifurushi kililazimika kuwa na chumba cha nyota tatu. Alipoteza uhakika huo na wateja wake wa kawaida ndani ya siku moja, tena baada ya miaka miwili na nusu ya kufungwa. Waongozaji wengi walikuwa wameshahamia kazi nyingine, na wengine Australia, ambako Wabhutan vijana walikuwa wakienda kwa wingi miaka hiyo.

Ofa ya Juni 2023, au namna ya kukubali kosa bila kulitaja

Kuanzia tarehe 1 Juni 2023 serikali ilitoa ofa kwa wanaolipa kwa dola. Lipia usiku 4, upewe mwingine 4. Lipia 7, upewe 7. Lipia 12, upewe 18, yaani mwezi mzima.

Ipige hesabu. Usiku 3 ulikuwa dola 600, usiku 4 dola 800, na usiku 5, 6, 7 na 8 vilevile dola 800. Hapo ada imeacha kuwa ya siku. Imekuwa kiingilio cha dola 800 chenye muda wa siku nane, na anayekaa siku nne anamlipia anayekaa nane. Kwa wastani anayetumia ofa yote anatoka na dola 100 kwa usiku kwenye daraja mbili za kwanza, na dola 80 kwenye la tatu (2,400 kugawa kwa 30).

Kwa maoni yetu, ofa hii iliyodumu kwa miezi michache ilikuwa na akili kuliko kilichoifuata. Ilimpa mgeni sababu ya kuendelea na safari kuelekea mashariki badala ya kurudi uwanja wa ndege. Tatizo lake lilikuwa kwa mnunuzi: mtu anayelinganisha nchi kwenye simu yake anaona "dola 200 kwa usiku" na kuondoka kabla hajafika kwenye mstari wa ofa. Agosti ikatangazwa suluhisho la wazi zaidi, punguzo la asilimia 50: kuanzia 1 Septemba 2023 hadi 31 Agosti 2027 ada ni dola 100 kwa usiku. Wahindi wakabaki kwenye ngultrum 1,200 zao, ambazo kwa viwango vya kubadilisha fedha vya wakati huo ni kama dola 14 au 15.

Mwaka 2024 wageni walifika takriban 145,000. Bado ni chini ya nusu ya 2019, na Wahindi wamerudi kuwa wengi kuliko wengine wote kwa pamoja. Breki ilikamata, basi. Chujio ni lile lile la zamani: anayepita kwa wingi ni anayelipa kidogo.

Inavyolipwa sasa

Mtalii asiye wa nchi jirani huomba viza mtandaoni kabla ya kusafiri, mwenyewe au kupitia kwa wakala. Huhitajika pasipoti yenye uhai wa angalau miezi sita, picha, na tarehe za kuingia na kutoka. Hulipa vitu viwili kwa wakati mmoja: ada ya maombi ya viza dola 40, ambayo hairudishwi, na SDF ya usiku wote alioandika. Barua ya viza ndiyo inayoonyeshwa kaunta ya shirika la ndege, kwa hiyo hakuna "nitalipa nikifika".

Kinachohesabiwa ni usiku, siyo siku. Ukitua Paro Jumatatu asubuhi na kuondoka Alhamisi jioni, umekaa siku nne lakini umelala mara tatu: dola 300. Mtu mzima hulipa 100, mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12 hulipa nusu, na aliye chini ya 6 halipi. Familia ya wazazi wawili, mtoto wa miaka 9 na wa miaka 4, kwa usiku saba: 700 na 700 na 350 na sifuri, dola 1,750, mbali na ada za viza. Ukitaka kuongeza siku ukiwa ndani, unaomba nyongeza ya viza na kulipia usiku ulioongezeka. Mgeni wa mchana anayeingia mji wa mpakani bila kuvuka eneo lililowekwa, akatoka ndani ya saa 24, hatozwi.

Makosa yanayogharimu watu ni machache na yanajirudia. La kwanza ni kutomuuliza wakala kama bei yake imejumuisha SDF. Mmoja anatangaza 180 kwa siku bila ada, mwingine 270 pamoja na ada, na mteja anamkimbilia wa kwanza. Uliza hivyo hivyo kuhusu viingilio: nyumba za watawa na ngome kubwa, ikiwemo Taktsang iliyojengwa kwenye jabali juu ya bonde la Paro, zina tiketi zake na SDF haizilipii.

La pili ni kudhani kwamba kwa kuwa kifurushi si lazima, mwongozaji naye si lazima. Ukitoka nje ya Thimphu, mji mkuu, na Paro unamhitaji, na bajeti yake iwepo.

La tatu linahusu ndege. Paro ni uwanja uliobanwa na milima, ndege hutua na kuruka mchana kwa rubani kuona kwa macho, na wingu likishuka ratiba inavunjika. Msafiri mwangalifu huweka siku ya akiba kabla ya ndege yake ya mbali. Iweke Bangkok, Delhi au Kathmandu, huko unakounganisha ndege, usiiweke Paro. Usiku wa akiba wa Bangkok hauna dola 100 juu yake.

Utaratibu huu wa kukusanya kabla ya viza ndio unaoitofautisha Bhutan na miji ya Ulaya. Huko kodi ya kulala hukusanywa na hoteli, nayo hoteli huipeleka manispaa, kila moja kwa daftari lake. Amsterdam kwa mfano hutoza asilimia 12.5 ya bei ya chumba tangu 2024. Anayekuja asubuhi na kuondoka jioni hupita bila kulipa, na ndiyo sababu Venice ilianza mwaka 2024 kumtoza mgeni wa mchana euro 5 kwa siku 29 zilizochaguliwa, huku wanaolala mjini wakisamehewa kwa kuwa wameshalipa hotelini. Venice inalazimika kuweka wakaguzi mitaani. Bhutan haina haja nao: nchi ina uwanja mmoja wa kimataifa na vivuko vichache vya barabara, na hakuna kisichojulikana kuhusu nani yuko ndani na amelipia usiku ngapi. Mji wenye stesheni ya treni na barabara kumi na mbili usitarajie kuiga hilo.

Fedha zinakwenda wapi

Jibu la haraka ni kwamba zinaingia kwenye mfuko mkuu wa serikali pamoja na mapato mengine. Hakuna akaunti ambayo dola zako 100 zimekaa zikisubiri daraja. Serikali hutaja afya, elimu, misitu, miundombinu na mafunzo ya watu wa utalii, na hayo yote yapo kweli kwenye bajeti. Katiba ya 2008 inaitaka serikali itoe huduma za msingi za afya bure, elimu bure hadi darasa la kumi, na iweke angalau asilimia 60 ya ardhi chini ya msitu milele. Msitu wenyewe kwa sasa ni karibu asilimia 70. Msitu usiokatwa ni mbao zisizouzwa, na pengo hilo lazima lizibwe na kitu.

Wageni wengi hukasirika wakisikia "mfuko mkuu". Wangependa risiti: njia hii ya Taktsang imetengenezwa kwa ada yako. Hasira yao ina mantiki, lakini mfuko uliotengwa nao una ugonjwa wake. Mwaka wenye wageni wengi hujaa fedha zisizo na kazi, na mwaka kama 2020 hukauka huku walinzi wa hifadhi wakidai mishahara. Nchi ndogo yenye vyanzo vichache, umeme wa maji unaouzwa India ukiwa ndio mkubwa, ina sababu nzuri ya kutofunga mapato yake kwenye visanduku. Kinachopungua ni kuchapisha: mgeni na mwanakijiji wote wangefaidika na ukurasa mmoja kila mwaka unaosema SDF imeleta kiasi gani na bajeti ya njia za miguu, vyoo vya njiani na ukusanyaji wa taka ilikuwa kiasi gani.

Kuna kazi nyingine ya ada ambayo matangazo ya utalii hayaitaji kwa sauti kubwa. Ni dola. Katiba hiyo hiyo inaitaka nchi iwe na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha kulipia bidhaa muhimu kutoka nje kwa angalau mwaka mmoja. Mwaka 2022 akiba ilikuwa ikishuka kiasi kwamba Agosti serikali ilisimamisha uingizaji wa magari mengi. Ada inayolipwa kwa dola, kabla ya mgeni kupanda ndege, ni dawa ya tatizo hilo moja kwa moja. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini kiwango kilipandishwa katika mwaka mbaya kuliko yote kwa wenye hoteli, na kwa nini Mhindi anayelipa kwa rupia hakupandishiwa kiasi hicho: rupia zake haziongezi dola.

Wanaolipa zaidi

Barabara kuu ya kutoka magharibi kwenda Trashigang, mashariki, ni ya milima mitupu; kwenda tu ni siku kadhaa kwa gari. Kwa ada ya usiku, kila siku ya barabarani ina bei sawa na siku ya kupanda Taktsang. Mgeni mwenye usiku sita hafanyi hesabu mara mbili: Paro, Thimphu, Punakha, arudi. Hoteli za magharibi zinapata wageni, na za Mongar, upande wa mashariki, zinasubiri. Ada iliyotungwa ili watalii wasisongamane imewasukuma wote kwenye mabonde matatu.

Anayepigwa zaidi ni mtembea kwa miguu wa safari ndefu. Njia ya Snowman, inayopita Lunana karibu na mpaka wa Tibet, huchukua takriban siku 25. Mtu huyu halali hotelini, hatumii barabara, na fedha zake nyingi huenda kwa wapishi na wenye wanyama wa kubeba mizigo katika vijiji ambavyo mtalii mwingine hafiki. Mwaka 2019 alilipa dola 6,250 kwa usiku 25 wa msimu, kila kitu ndani. Mwishoni mwa 2022 ada peke yake ilikuwa 5,000. Kwa ofa ya Juni 2023 ingekuwa 2,400. Sasa ni 2,500, na akipanga kuanza kutembea katikati ya Septemba 2027, siku ambazo theluji bado haijafunga njia za juu, tarehe zake zinaangukia nje ya punguzo: kama hakuna atakayelirefusha, ni 5,000 tena.